Kipande Kilichoombwa Kifutwe

Hapo zamani, si zamani ya mbali, zamani hii ya simu za mfukoni na umeme wa kukatika, palikuwa na wanafunzi watatu katika chuo kimoja cha ufundi huko Tukuyu. Tukuyu mnaijua, na kama hamjafika basi mmeisikia: mvua yake haiishi, huenda kupumzika tu, kisha ikarudi.

Wa kwanza aliitwa Atupele. Huyu alikuwa msichana asiyetulia. Akiketi, mguu unacheza. Akisimama, anazunguka. Akila, anaongea, na akiongea, ameshafika kwenye jambo lingine kabla hamjaelewa lile la kwanza. Mama yake alizoea kumwambia, "Wewe nilikuzaa njiani, ndiyo maana hujafika."

Wa pili aliitwa Gwamaka. Huyu alikuwa na mkono usiotetemeka. Mpe kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, apande nacho mlima, atakufikishia bila kumwaga tone.

Wa tatu aliitwa Lusajo. Huyu hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka shingo inakauka, akikata picha na kuziunga, akizikata tena na kuziunga tena.

Wote watatu walikuwa wanajifunza kutengeneza video za muziki. Aliyewafundisha ni Mwalimu Haule, mama mmoja mfupi kutoka Songea, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ili umsikie. Katika video yao ya kwanza walimpiga picha binamu yake Gwamaka amevaa miwani ya jua, amekaa juu ya pikipiki ya kuazima, anaimba kwamba yeye ni mfalme. Mwalimu Haule akaitazama mpaka mwisho. Akauliza, "Huyu ana shida gani?"

Atupele akajibu, "Hana shida yoyote, mwalimu."

"Ndiyo shida yenyewe," mwalimu akasema, akaondoka.

Wakatengeneza ya pili, ikawa mbaya. Wakatengeneza ya tatu, wasichana sita wanacheza uwanjani, mvua ikanyesha katikati, nguo zikabadilika rangi, ikawa mbaya kuliko ya pili. Atupele akawa halali vizuri. Alikuwa anaona kwamba picha zao zinacheka lakini hazina meno. Alijua kuna kitu kinakosekana, na hakujua jina lake.

Ndipo ilipokuja barua. Studio moja kubwa ya Dar es Salaam ilivitangazia vyuo vyote shindano: kila chuo kilete video moja. Kikundi kitakachoshinda kitatoa mtu mmoja, na mtu huyo atakaribishwa studio mwaka mzima, afundishwe na mabingwa, apewe pa kulala na pa kula, na mwisho apewe kazi. Mmoja tu. Barua ilisema hivi: "Tutampokea yule ambaye bila yeye video isingekuwa ilivyo. Kikundi chenyewe kitamwandika jina." Haikusema lazima awe mwanafunzi. Haikusema awe nani.

Sasa sikilizeni walichokifanya.

Atupele alitoka kutafuta wimbo. Alizunguka makanisani, alizunguka kwenye kumbi za harusi, alizunguka mpaka soli ya kiatu ikafunguka mdomo. Siku ya nne alisimama kwenye banda la kupimia chai ili mvua impite. Wachumaji walikuwa kwenye foleni, makapu mgongoni, wakisubiri zamu ya mizani. Katikati yao kulikuwa na dada mmoja anaimba, wala hamwimbii mtu, anaimba kama mtu anayejikuna. Maneno yalikuwa machache:

*Nimefagia njia, majani yamerudi.
Nimefagia tena, majani yamerudi.*

Mvua ilikatika, na Atupele hakuondoka. Mguu wake, wanasema waliokuwapo, ulikuwa umetulia.

Dada huyo aliitwa Sekela. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hakuolewa, aliishi na baba yake mzee na kumpikia. Watu walidhani wimbo ule ni wa mwanamume aliyemwacha, na yeye hakuwasahihisha.

Atupele akamwomba aimbe kwenye video yao. Sekela akakataa. Kesho yake akarudi, Sekela akakataa. Siku ya tatu Atupele akamkuta anachambua maharage, akakaa naye akachambua, hakusema neno juu ya video mpaka maharage yakaisha. Sekela akacheka. "Wewe mdogo wangu umenishinda. Nitaimba. Lakini usiniulize wimbo huu ni wa nani."

"Sitakuuliza, dada."

Wakamleta chuoni, wakarekodi sauti. Kisha wakapanga siku ya picha, nyumbani kwa Sekela. Chuo kilikuwa na kamera moja, na ilitakiwa kurudishwa saa kumi alasiri. Walifika saa tatu asubuhi. Mvua ikanyesha. Wakajificha chini ya paa. Jua likatoka. Wakatoka. Mvua ikanyesha. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, na Atupele alikuwa anaingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sekela naye hakuelewa kazi ile. Kwenye video, mwimbaji haimbi mara moja. Spika inapiga wimbo uliokwisha kurekodiwa, naye anafuatisha kwa midomo, mara ya kwanza akipigwa picha kwa mbali, mara ya pili kwa karibu, mara ya tatu mikono tu, mara ya nne macho tu.

"Niimbe tena?" akauliza. "Kwani hamkusikia?"

"Tulisikia, dada. Sasa tunataka kuona."

"Na mlichokuwa mnaangalia tangu asubuhi ni nini?"

Saa nane na nusu jua likatoka kwa nguvu. Atupele akakimbia huku na huku akitafuta mahali. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, akaona mawe yaliyopangwa mraba, yameota ukungu wa kijani, kama msingi wa nyumba iliyokuwapo zamani. Akasema, "Dada Sekela, njoo ukae hapa."

Sekela akasimama. "Hapo?"

"Hapo hapo. Mawe yanapendeza."

Sekela akayatazama yale mawe. Kisha akaenda, akakaa juu ya jiwe la pembeni, akaweka mikono magotini.

Gwamaka akawasha kamera. Spika ikaanza. Sekela akafuatisha. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukafika katikati, na hapo spika ikaishiwa chaji, ikazima. Kwa kawaida hapo watu husema "kata," wanaanza upya. Atupele alifungua mdomo aseme kata, na hakusema. Kwa sababu Sekela aliendelea kuimba peke yake, kwa sauti yake, mstari mmoja, mistari miwili. Kisha akaacha kuimba. Akaanza kusema.

"Ambokile, mdogo wangu. Moto ule hukuuwasha wewe. Ni mimi niliacha jiko la mkaa karibu na kuni, nikaenda kwa jirani kusukwa. Baba alipouliza, nilinyamaza. Ulipopigwa, nilinyamaza. Ulipofukuzwa nilikufungia chakula, na bado nilinyamaza. Mama amekufa mwaka jana na mikono yake vile vile, haikunyooka. Njoo nyumbani."

Niwaeleze, ili msipotee. Miaka kumi na moja nyuma, nyumba yao iliungua. Ilikuwa imesimama juu ya yale mawe. Mama yao aliingia ndani kutoa vitu, akatoka na mikono iliyoungua, na tangu siku ile hakuweza tena kuchuma chai. Ambokile, kijana wa miaka kumi na tisa, alijulikana kwa kuvuta sigara kwa kujificha jikoni. Baba hakuhitaji ushahidi mwingine. Alimpiga, akamfukuza, akakataza jina lake lisitajwe. Likawa halitajwi.

Sekela alipomaliza kusema, alitazama chini kwa muda. Kisha akainua uso. "Atupele."

"Abee, dada."

"Hicho mlichochukua sasa hivi, kifuteni. Baba yangu yuko hai. Nipe mkono wako."

Atupele akampa mkono. "Kitafutwa, dada. Naapa."

Wakapiga picha nyingine mbili za haraka, wakafungasha vitu, wakaondoka. Njiani Atupele akamwambia Gwamaka, "Kifute." Gwamaka akasema, "Nitakifuta." Akaketi juu ya jiwe la kando ya barabara, akakitafuta kile kipande, akabonyeza kitufe. Kamera ikamuuliza kama ana hakika. Gwamaka akaona kwenye kioo kidogo uso wa Sekela, jinsi mwanga ulivyomwangukia shavuni, jinsi mkono wake mwenyewe haukutikisika hata mara moja kwa dakika nzima na nusu. Katika maisha yake hakuwahi kupiga picha kama ile. Akabonyeza hapana.

Chuoni alikihifadhi kwenye kompyuta, akakipa jina: Usifungue.

Lusajo hakuwa amekwenda kwa Sekela siku ile. Yeye kazi yake ilikuwa kuunga. Akaunga siku ya kwanza, akaunga siku ya pili, akaunga siku ya tatu. Video ilikuwa safi na haina uhai. Migomba mizuri, mwanamke mzuri, wimbo mzuri, na ukimaliza kutazama unaweza kuuliza kama maji ya chai yamechemka. Siku ya nne akaona lile jina, Usifungue. Lusajo alisema baadaye, "Mtu akiandika usifungue, amekwambia pa kufungua."

Akafungua. Akatazama na kusikiliza chote, mpaka pale Gwamaka alipozima kamera. Alimsikia Sekela akimwita Ambokile. Alimsikia Sekela akiomba kifutwe. Alimsikia Atupele akiapa. Kisha akaanza kazi. Akakata ombi. Akakata kiapo. Akabakiza maneno ya Sekela tangu "Ambokile" mpaka "njoo nyumbani", akayaweka katikati ya wimbo, na pale akaondoa ngoma, akaondoa gitaa, akaacha sauti ya mtu na matone yanayodondoka kwenye majani ya migomba. Kisha akarudisha wimbo. Na wimbo uliporudi, kila mtu angeelewa ni njia gani inayofagiliwa na kwa nini.

Siku ya kutuma video ilipofika, akawaita wenzake waitazame.

Wakatazama. Ilipoisha Atupele alikuwa amesimama. Akakaa. Akasimama. Akatoka nje, akaenda mpaka getini, akarudi. Kile kitu alichokuwa anakitafuta miezi yote, kile asichokijua jina, kilikuwa pale kwenye kioo.

Akasema, "Mimi niliapa."

Gwamaka akasema, "Mimi sikuapa."

Lusajo akasema, "Mimi sikuwapo."

"Gwamaka, nilikwambia kifute."

"Na sasa nakwambia, niambie tena. Ukisema kifutwe, nakifuta mbele yako, Lusajo ni shahidi."

Wote wawili wakamtazama. Kompyuta ilikuwa inasubiri, shindano linafungwa saa kumi na moja. Atupele akafikiri: Dar es Salaam ni mbali, nani kule anamjua Sekela? Akafikiri: watatazama majaji watano, basi. Akafikiri hivi na hivi, na moyo wake haukukubali hata moja. Mwisho akachukua mkoba wake.

"Mimi leo sikuja hapa," akasema. "Sijaona kitu."

Akatoka. Lusajo akaituma.

Video ikashinda. Na iliposhinda, studio ikaiweka mtandaoni, ikaingia kwenye simu, na simu ziko kila mahali. Siku ya nne ilikuwa imefika kwenye banda la kupimia chai. Siku ya tano jirani mmoja akampelekea baba yake Sekela simu, akidhani anampelekea furaha. Mzee akatazama mara moja. Akaomba arudishiwe mwanzo, akatazama tena. Akairudisha simu kwa mwenyewe.

Mchana ule Sekela alimpelekea chakula. Mzee akafunua, akafunika tena.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nimemchukia mwanangu kwa kosa la mwingine aliyekuwa ananipakulia. Sitakula."

"Baba, naomba unisikilize."

"Nilikuuliza siku ile. Siku ile ndiyo nilikuwa nasikiliza."

Akabeba godoro lake akahamia kwa mdogo wake, ng'ambo ya mto. Akapitia mbele ya watu wote, godoro kichwani, mzee wa miaka sabini. Huko kwenye chai wanawake wakaacha kumpokea Sekela kapu. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanajivuta tu kidogo kwenye foleni, ikawa mbele yake pana nafasi na nyuma yake pana nafasi.

Siku ya tisa akashuka mtu kwenye lori la mahindi. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye mafuta ya baiskeli kwenye kucha. Alikuwa Mpanda miaka yote ile akitengeneza baiskeli, na mteja mmoja alikuwa amemwonyesha video wakati yeye anaziba pancha. Alisema aliacha lile tairi nusu, akampa mteja fedha yake, akafunga kibanda.

Sekela alimwona anakuja, akapiga magoti palepale uani kwenye tope. Ambokile akasimama mbele yake, hakujua pa kuweka mikono.

"Kile chakula ulichonifungia," akasema, "zilikuwa ndizi na maharage. Nilikula nilipofika Mbalizi. Nilikaa kando ya barabara nikala zote, nikafikiri, dada ananionea huruma. Sikujua kitu kingine."

"Sasa umejua."

"Nimejua. Simama, kuna tope."

Hakusema amemsamehe. Hakusema hajamsamehe. Aliingia ndani, akauliza mama alizikwa wapi, wakaenda pamoja.

Basi, wakati hayo yanatokea, barua ya studio ilikuwa imefika chuoni pamoja na fomu. Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja mtupu. Jina moja, liandikwe kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, gari la barua linaondoka saa sita.

Ijumaa saa nne wale watatu wakakutana darasani. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti.

Gwamaka akaanza. "Bila mimi hakuna kipande. Spika ilipozima, mpiga picha yeyote angeshusha kamera. Mimi sikushusha. Ningefuta, leo hapa hakuna barua, na Ambokile yuko Mpanda anaziba pancha. Mkono huu ndio uliomrudisha."

Lusajo akasema, "Kipande kilikuwa chako, na ulikizika. Uliogopa kukifuta na uliogopa kukitumia, ukaniachia mimi nichague. Mkanda mzima ulikuwa mtu analia. Nani aliufanya uwe wimbo? Nani alijua pa kunyamazisha ngoma? Bila mimi ni kilio cha mtu ndani ya kompyuta."

Atupele alikuwa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani. Akasema, "Wimbo niliutafuta mimi. Sekela nilimwomba mimi, siku tatu. Kwenye yale mawe nilimkalisha mimi. Na nilikuwa na neno moja la kusema, kata, nikalimeza. Mngekuwa na nini cha kupiga? Mngekuwa na nini cha kuunga?"

"Na uliapa," Lusajo akasema.

"Niliapa."

"Halafu ukasema hujaona kitu. Angalau mimi nilikata kwa mkono wangu na nasema nilikata. Wewe ulitaka video ishinde na mikono yako iwe safi."

Atupele akasimama. Pale aliposimama, mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Haule, na nyuma yake Sekela na kaka mmoja wasiyemjua, wamelowa wote wawili.

Mwalimu Haule alikuwa amekwisha kusikia habari yote kutoka kwa Sekela. Uso wake ulikuwa umekaza. "Nimewafundisha kushika kamera," akasema. "Sikuwafundisha hili, na sijui lingefundishwa darasa gani. Wakubwa wenu hawa wana neno."

Atupele akapiga magoti mbele ya Sekela. "Dada, nilikupa mkono nikaapa. Nimekuharibia kwa baba. Sina cha kusema."

Sekela akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Kamera yenu ina taa ndogo nyekundu. Tangu asubuhi ile nilikuwa nimejifunza: ikiwaka, inachukua, ikizima, haichukui. Spika ilipokufa, niliangalia ile taa. Ilikuwa inawaka. Nilisema kwa sababu ilikuwa inawaka. Halafu nikaogopa, nikaomba ifutwe. Nililala siku zote zile bila kujua namwomba Mungu nini, mtimize ahadi au msitimize. Msidhani nawaondolea kosa. Niliomba kwa kinywa changu, na mkono nilipewa. Lakini sitasema uongo mwingine."

Yule mwanamume akasogea mbele. "Mimi ndiye Ambokile," akasema. "Sijui mambo ya video. Nimesomewa barua na mwalimu, inasema mtu ambaye bila yeye isingekuwa. Wewe kijana, bila wewe, angekuja mwingine mwenye kamera. Wewe, bila wewe, angekuja mwingine mwenye kompyuta. Wewe dada, naona uliutafuta wimbo, lakini hukuutunga. Aliyetunga wimbo ni dada yangu. Sauti ni yake, na yaliyosemwa ni yake, na aliyelipia ni yeye. Andikeni Sekela."

Gwamaka akasema, "Kaka, shikamoo, lakini hii ni shule ya video. Yeye hasomi video."

"Barua imesema anayesoma?"

Haikusema.

Mwalimu akamgeukia Sekela. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Siwaombi," Sekela akasema. "Na msiniandike kwa huruma, huruma nimeiona wiki hii kwenye foleni ya chai. Lakini nikiulizwa kama nataka kukaa mwaka mmoja mahali ambapo nikisimama watu wanasimama karibu nami, nitajibu ndiyo. Na nikiulizwa kama mtu aliyenyamaza miaka kumi na moja wakati mdogo wake anateseka anastahili zawadi kwa sababu siku moja alisema, hapo siwezi kujibu. Mdogo wangu anaona nastahili. Baba yangu haoni."

Lusajo akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nilikusikia ukiomba, nikakukata. Pole. Nisamehe. Lakini bado naamini kazi ile ni yangu."

Gwamaka akasema, "Na mimi bado naamini."

Atupele alikuwa bado amepiga magoti. Akasema, "Mimi siamini. Lakini naitaka. Tangu nizaliwe sijawahi kutaka kitu na kukaa nacho kama hiki, na siwezi kuwadanganya kwamba siitaki."

Saa ilikuwa tano na dakika hamsini. Mwalimu Haule akaiweka fomu juu ya meza, akaweka kalamu juu yake ili upepo usiichukue. Akasema yeye hataandika, maana studio haikumwomba yeye. Nje dereva wa gari la barua akapiga honi mara moja.

Basi ninyi mlionisikiliza, hesabuni wenyewe. Yupo aliyeutafuta wimbo na kumkalisha mwimbaji kwenye jiwe lake, na ndiye aliyevunja kiapo kwa kujifanya hakuona. Yupo aliyeshika kamera bila kutikisika, akaambiwa afute, asifute. Yupo aliyefungua asichoruhusiwa, akakata ombi la mtu, na kwa mkato huo akaifanya video iwe hai na ndugu akarudi nyumbani. Yupo aliyeutunga wimbo na kusema ukweli mbele ya taa inayowaka, baada ya kunyamaza miaka ambayo mwenzake aliilipia.

Honi imepigwa mara ya pili, na mstari bado ni mtupu. Je, mngekuwa mmeishika ninyi ile kalamu, mngeandika jina la nani?